Mayai ya Mkaa ya Dada Mwanatumu

Dada Mwanatumu,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, kwa sauti yako ile ya kuvuta, na Mariamu aliyekuwa anapita na ndoo amenitazama kama mume aliyeanza kupungukiwa. Muache. Nina habari ambayo nikiikalia zaidi itanipasua.

Kuku wako wapo. Tisa!

Lakini kabla hujafurahi, nina la kukiri. Siku ya pili ya matanga yako watu walijaa. Kina shangazi walikuja kutoka Vanga na watoto wao na wajukuu wao, na wanawake wa jikoni wakatuma mtu kuniuliza kitoweo kiko wapi. Mimi ndugu wa marehemu nimevaa kanzu, nimekaa mkekani, wanaume wenzangu wananisikiliza. Ningesema nini? Nikapunga mkono kama mtu mwenye mashamba matano. "Chinjeni kuku." Wangapi? "Chinjeni wote!"

Wakachinja wote, dada. Jogoo, mitetea, mpaka Karani, yule mzee wako aliyekuwa akikufuata hadi mlango wa choo. Kuku wa kishingo wa mama yetu, wale wasio na manyoya shingoni, ambao naye aliachiwa na mamake, nikawamaliza kwa neno moja. Na pilau nikala. Nikaongezwa na paja.

Jioni nilipotoka kunawa nikaona banda liko wazi, ndani kimya. Hapo ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Watu wakanishika mabega wakidhani nakulilia wewe. Nilikuwa nakulilia wewe, lakini... we acha tu.

Asubuhi ya tatu Mariamu akaniletea kikapu alichokikuta chini ya kitanda chako, mayai kumi na sita yamelala kwenye mchanga mkavu. Wageni walikuwa wanangoja chai. Unaijua mikono yangu. Miaka ishirini na miwili nilisimama nyuma ya jiko la hoteli kule Diani na kofia ndefu kichwani, nikiwapasulia wageni mayai kwa mkono mmoja bila kutazama. Ulikuwa ukiniambia, "Hamisi, umeua kuku wengi kuliko mwewe, tena hata kuzaliwa hukuwangoja." Basi mawili yalikuwa yameshaingia karaini nilipoona vidole vyangu vimeshika weusi.

Mkaa! Ule mstari wako uliokuwa ukiuchora kwenye ganda. Tangu tuko wadogo ulikuwa ukitupiga vidole: "La mkaa si la kula." La mkaa ni la kuatamiwa. Nikaipua karai, wageni wakanywa chai na mkate mtupu, na hakuna aliyekufa.

Sasa yaatamiwe na nani? Kila aliyeweza kuyaatamia tulikuwa tumemla jana yake. Nikatoka na kikapu kifuani hadi kwa jirani yako Mama Kioko, ambaye ana ile mashine yake ya kuangulia mayai, sanduku jeupe lenye kioo juu. Akakitazama kikapu, akanitazama mimi. "Wewe Hamisi wa kukaanga mayai?" Nikasema ndimi. "Hii haitiwi mafuta, unajua?" Halafu akajifuta macho kwa ncha ya leso, akasema mlikula pamoja Krismasi na Idi miaka yote hiyo, atakunyimaje? Sharti lake lilikuwa moja tu: nisifungue-fungue.

Mariamu nami tukahamia nyumbani kwako hapa Msambweni, mashine tukaiweka juu ya meza ya sebuleni. Mayai yanatakiwa kugeuzwa mara tatu kwa siku, na kumbe mstari wako ndio uliokuwa saa yangu. Asubuhi mkaa juu, adhuhuri mkaa chini, jioni mkaa juu. Natia maji kwenye sinia ya ndani ili hewa isikauke, nasoma joto lisipite thelathini na nane, nazunguka, nasoma tena. Nikageuka mtetea mwenye kipara. Mariamu akasema kwa mimba zake nne hajawahi kuniona makini namna hii, nami nikaenda kusoma joto tena.

Siku ya saba tukafunga madirisha, nikayamulika kwa tochi moja moja. Mawili yalikuwa meupe matupu. Kumi na mawili yalikuwa na mishipa myekundu iliyotambaa kama mizizi, na katikati kitone cheusi. Kimoja kikaruka! Nikaruka nami, tochi ikaanguka.

Ukadhani mambo yamenyooka. Ngoja. Alhamisi iliyofuata, baada ya Alasiri, wazee wa msikitini walikuja kukusomea Yasini. Nikawasha ubani mzuri, ule ulioupenda, na chetezo nikakiweka kwenye kona yako ileile ili moshi usiwasumbue wenye vifua. Kona yako, dada, sasa iko chini ya meza ya mashine. Sikuwaza. Tuko katikati ya Yasini kitu kikaanza kulia tii, tii, tii. Mzee mmoja akaninong'oneza kwa ukali, "Zima simu yako, bwana!" Nilipoinua kichwa, kipimo kilikuwa kimefika thelathini na tisa na kinapanda.

Nilikuwa nakuombea dua huku nakuchomea kuku.

Nikakitoa chetezo mbio, makaa mawili yakaniangukia mguuni. Mariamu akafunua kifuniko akapepea kwa kipepeo cha ukindu, mimi nikapepea kwa kofia. Wazee hawakukata kisomo, ila yule wa simu akasogea taratibu, macho yake kwenye juzuu, mkono wa pili unapepea. Mama Kioko aliisikia mashine yake kutoka kwake, akaingia na mwiko mkononi. Akatutazama sote ndani ya moshi. "Nyinyi mnaangua ama mnabanika?"

Kesho yake nilimulika tena. Kumi yalicheza. Mawili yalitulia, na hayakucheza tena. Hayo ni yangu, dada. Yaongeze kwenye yale ya karai, unidai huko mbele.

Siku ya ishirini na moja asubuhi, kimya. Adhuhuri, kimya. Nikaanza kutunga maneno ya kuja kukuambia kaburini. Mara nikasikia mlio mdogo, umetokea ndani ya yai, ndani kabisa, na ganda likapata ufa pembeni ya mstari wako. Kikatokeza kidomo. Kikapumzika. Kikapumzika sana! Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kifuniko, maana kwake ile ni kazi ya nukta moja.

"Mikono nyuma!" Mama Kioko. "Ukimsaidia utamtoa damu. Mwache ajitoe."

Nikasimama mikono nyuma kama mtoto wa darasa la pili, mtu mzima na kipara changu, toka Adhuhuri hadi Alasiri. Yai moja! Nikawakumbuka wageni wa hoteli waliokuwa wakinung'unika kwa kungoja dakika tatu.

Akatoka. Kitu kimelowa, kibaya cha sura, kimejilaza kama kitambaa cha kufutia meza. Kilipoanza kukauka Mariamu akainama. "Mbona shingo yake haina kitu?"

Shingo tupu, dada. Nyekundu, tupu, ya mama yetu. Nilipiga takbira kuku wa Mama Kioko wakatawanyika uani. Naye Mama Kioko akachungulia kiooni, akanitazama kichwani, akasema, "Mungu ni mkuu, amefanana na mjomba wake." Tukacheka mpaka tukakaa chini. Kilikuwa kicheko cha kwanza humu ndani tangu uondoke, nami nikageukia mlango wa chumba chako nikuone na wewe unavyocheka.

Kufikia kesho yake walikuwa tisa; yai la kumi halikufunguka. Saba wana kishingo. Wawili wana manyoya hadi kidevuni, na hao jogoo wa jirani ndiye mwenye maelezo, si mimi.

Sasa nimekuwa mtu wa kukimbiwa njiani, maana kila ninayekutana naye namsimulia kuanzia karai. Shangazi wa Vanga alipiga simu akauliza watakuwa wakubwa lini. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba akija atakula samaki. Yale maganda yenye mstari wako nimeyarudisha kikapuni, juu ya mchanga. Mariamu alitaka kuyatupa, halafu akaniona uso, akayaacha.

Basi pumzika, dada yangu. Mola akupanulie ulipolala, na akusamehe kunipiga vidole. Nimeokota kipande cha mkaa jikoni kwako nikakitia mfuko wa shati, na Mariamu ameshalalamikia doa. Kitakaa humo humo mpaka mmoja wa hawa atage. Yai lake la kwanza nitalipiga mstari kwa mkono wangu huu, kisha nitaweka mikono nyuma.

Ndugu yako wa kishingo,
Hamisi