Saksofoni ya Babu Imeoshwa kwa Sabuni

Jumanne. Manyunyu tangu asubuhi, mlima haujaonekana. Nimeamka, nimenyonyesha, nimefua nepi, lakini ni kama mikono ya mtu mwingine.

Wiki iliyopita tulimzika babu kihambani, kwenye shamba la ukoo, Mwika. Zamani alipiga saksofoni kwenye bendi ya jazi, watu wakitoka hadi Arusha kuja kumsikia. Siku ya dansi hagusi maji ya baridi, na kile kimwanzi cha kupulizia anakilowesha mdomoni tangu mchana, anaongea nacho hivyo hivyo. Alinisimulia wenzake walivyoishia: mmoja pombe, mmoja kifua, mmoja aliokoka akauza ala yake. Yeye hakuuza. Alipiga taratibu, anaachia nafasi, mpaka unajikuta umeshika pumzi ukimngoja.

Saksofoni hiyo aliniachia mimi, ili mwanangu Neema aje aisikie. Mwalimu wa tarumbeta wa usharika alikubali kuja Jumapili kuipiga, nirekodi kwenye simu.

Jumamosi, tukiosha vyombo vya msiba, shangazi Eli akaiosha na yenyewe. Maji ya moto, sabuni, steliwaya.

"Nimekusafishia dude la baba," akaniambia, amefurahi kweli. "Sasa hivi unaweza hata kujitazamia."

Nikamshukuru.

Jumapili mwalimu alipuliza, ikatoka hewa tu. Jana nikaipeleka kwa fundi hapa Majengo. Akafungua vile vifuniko, chini yake kuna vingozi vimevimba kama maandazi. "Dada, hii mmeiogesha kama mtoto," akasema. Atajaribu kukata ngozi mpya, ila hajawahi. Sauti ile ile hakuniahidi.

Sikulia. Sikukasirika. Nilinunua ndizi nikarudi nyumbani.

Leo shangazi, habari zimemfikia, ameteremka toka Mwika na mvua yote hii. Hakukaa. Alitoa jani la sale kwenye kanga, akainama, akanipa kwa mikono miwili. Mtu mzima yule, ambaye nimetoka kumwamkia shikamoo mlangoni. Kwetu ukiletewa sale kuombwa msamaha, hukatai.

"Nilitaka ing'ae, mama," akasema. "Sikujua kama ina ndani."

Nimelipokea. Ila neno la kumsamehe halikutoka, akaondoka hajalisikia.

Kesho asubuhi nitampigia simu nimwambie, hata kama bado sihisi chochote.

Hivi mtu anaweza kusamehe kwanza, moyo ukaja baadaye?