Mayai Manne ya Lomvigi

Visiwa vya Faroe,
4 Oktoba 1862

Kaka yangu Jákup,

Salamu nyingi zikufikie huko Kopenhageni. Natumai kile kifua chako kimepona. Sisi tu wazima. Mama anauliza kama soksi zilikutosha. Usipojibu atakufumia nyingine.

Picha uliyotuma imefika. Niliitandaza mezani baada ya ibada, majirani wakaja kuitazama. Kisiwa chetu cha mawe walikitambua wote, hata ule ufa wa kusini. Lakini ndege! Lomvigi, ambaye tangu dunia iumbwe hutaga yai moja juu ya jiwe tupu, Bwana Rosenlund, yule msomi mgeni wetu wa mwaka jana, amemchora amekalia kiota cha majani makavu, na mayai manne chini yake, kama kuku wa mchungaji. Jirani yetu Sámal alicheka mpaka akashika ukuta, akasema bwana huyu akimchora nyangumi atamtia na kwato.

Nami nilicheka kuliko wote. Wewe humjui mtu huyu. Wiki tatu alizolala kwetu alikuwa akinusa nyama ya kondoo kama paka, akiwaogopa ng'ombe, akiandika majina ya ndege wetu kombo. Mwanamume mzima hajui kufunga fundo! Kusoma kote kule, akili hakuna.

Unaandika kwamba wasomi nao wanamcheka, na kwamba huenda akanyimwa kazi ya jumba la makumbusho mwezi ujao. Unasema anastahili. Hapo ndipo mkono wangu unapokuwa mzito, kaka.

Yule bwana aliomba kushuka jabalini wanakotaga ndege. Kila asubuhi alinisihi nimfunge kamba nimteremshe akajionee mwenyewe. Unajua kamba ya kuwateremshia wawindaji wa ndege kisiwani kule hutunzwa na nyumba yetu, na tangu baba afariki mtunzaji ni mimi. Sikuitunza. Kwa kuwa tuliwapumzisha ndege wa pale miaka mitatu bila kuwawinda, niliiacha bila mafuta ikaoza, na hakuna aliyejua. Ningesema, utunzaji wa kamba ungehamia kwa Sámal. Basi nikamwambia bwana hakuna haja ya kushuka, lomvigi hulalia kama kuku tu. Nikamtengenezea kiota kwa nyasi za zizini, nikatia mayai ya kuku wa mama niliyoyapaka madoa ya masizi. Kisha nikamwapisha asimtaje aliyemletea, eti ndege wanaopumzishwa hawaguswi. Mpumbavu akaamini.

Na barua yako yasema wamemuuliza mara tatu nani alimwonyesha kiota, naye kanyamaza. Ni mjinga bado, sitasema vingine. Ila ahadi aliyoniapia mimi, mwongo, ameishika, na inamgharimu mkate wake. Nenda kwa hao wasomi kabla mwezi haujaisha, uwaambie ni Hanus aliyemdanganya. Jina langu lote, usilifiche.

Wanaume watashuka tena kisiwani masika ijayo. Jana nilimpelekea Sámal kamba, nikaikata mbele yake kwa mikono mitupu. Hakucheka.

Mama anakusalimu sana, na mke wangu Birita pia. Jifunike kifua.

Mimi mdogo wako,
Hanus