Nilikuficha Swali Moja

Mjukuu wangu, mke mwenzangu Zuhura,

Anayeandika ni Rehema, mwenzio wa chuoni. Mie nasema, yeye anaandika, na nimemkataza kunipambia maneno.

Arobaini yako imepita. Wenzio wameimaliza ile kazi yenu ya kikundi, kompyuta ya kutambua magonjwa ya kuku. Nakumbuka ulivyokaa hapa barazani Kipawa na daftari lako: "Bibi, ukimwona kuku hivi, unajuaje?" Nikakwambia, "Akili ya kutia kwenye bati mnayo, ya kupika wali hamna!" Ukacheka mpaka kalamu ikakudondoka.

Sasa sikia. Mwalimu wenu kaijaribu. Naye anafuga, akaieleza habari za kuku wake, wananya kijani. Mashine ikajibu: mdondo, chinja wote. Kumbe kuku wazima, njaa tu, pumba zilikosekana siku mbili. Akasema sehemu yako haifai, itolewe, na jina lako litoke. Rehema kaja kunieleza huku analia.

Mjukuu wangu, hukukosea. Mie nilikuficha. Kuku akinya kijani, kwanza namshika hapa chini ya shingo, nijue kama kala. Mwenye njaa naye hunya kijani. Hilo sikukwambia. Niliogopa. Mashine ikijua yote, nani tena atanipigia hodi? Nikasema, nitamwambia siku nyingine. Malaria ikakuchukua… haya. Andika, Rehema, usinitazame.

Basi nikajifunga khanga zangu, nikaenda mpaka chuoni. Mwalimu akanipa shikamoo. Nikamwambia, "Marahaba. Aliyeongopa ni huyu hapa mbele yako. Marehemu mwache." Kisha akanivutia kiti, akauliza, "Bibi, unamshika wapi?" Nikamwonyesha kwenye shingo yake mwenyewe. Wenzio hoi kwa kicheko!

Swali la kama kuku kala limetiwa kwenye mashine. Jina lako limebaki. Nimemtaka Rehema anisomee jina hilo mara tatu.

Nisamehe. Ulinikalia miezi mizima kwa adabu, mie nakupimia maneno kama chumvi. Sasa Rehema anakuja kila Jumamosi, namwambia yote, ya kuku, hata ya bata ambayo hakuniuliza. Na nakuahidi, sitabakiza hata moja la kuondoka nalo.

Lala, mke mwenzangu. Kazi yako ninayo mie.

Bibi yako