Joto la Mezani

Jumanne, 3 Oktoba 2023

Leo nimeandika. Mimi Berthe, msaidizi wa wauguzi — wa kuosha, kugeuza, kumwaga beseni — nimeandika kwenye karatasi ya joto ya mgonjwa. Kwa kalamu nyekundu!

Ilikuwa hivi. Asubuhi nilikuwa namwosha Orpa, yule binti kutoka Bulengera aliyezaa kwa kupasuliwa Jumapili. Nikapitisha kitambaa mgongoni, mkono ukaruka. Moto! Nikaangalia karatasi yake: 36,8. Ya jirani yake: 36,8. Vitanda vyote vinane 36,8, wino mmoja, mwandiko mmoja — wa muuguzi Jéthro. Huzijaza akiwa amekaa na chai yake, kabla daktari hajapita. Sisi wasaidizi tunaliita joto la mezani. Tunacheka, tunaendelea kupiga deki.

Leo sikucheka. Nikampima: 39,4. Nikakata namba ya Jéthro, nikaandika yangu, na saa. Daktari Sadrack alipopita akaiona, akafungua bandeji. Usaha. Kabla ya saa nne Orpa alikuwa amebadilishiwa dawa.

Jéthro alikuwa nyuma yake. Alinitazama tu.

Jumatano, 4 Oktoba

Demande d'explication, barua ya kunitaka nijieleze! Mimi! Miaka kumi na tisa kwenye kliniki hii, sijawahi kupewa hata moja. Ina muhuri na yote: nimeharibu karatasi ya mgonjwa bila ruhusa. Nijibu kwa maandishi kabla ya Ijumaa saa nne, la sivyo nibaki nyumbani.

Jéthro ana huruma sana — amenitungia jibu. Kifaransa safi. Eti nilikosea kusoma kipimajoto, naomba radhi. Bado sahihi tu.

"Tia signature, Mama Berthe, mambo inaisha. Weye kazi yako ni beseni na serpillière ya kupiga deki. Fiche ya joto haiko ya kwako."

"Na ile pus ya kidonda, ilikuwa ya nani?"

Akaondoka. Mchana ndipo nilipopata habari kamili: wakaguzi wa afya wanakuja wiki ijayo kutoka Beni. Daktari Sadrack, mwenye kliniki, anataka karatasi mpya isiyo na wekundu, na ili iandikwe upya lazima kosa liwe langu. Yeye aliyeuona usaha kwa macho yake!

Nina hasira mpaka nimeiacha mboga ya sombe kwenye sahani. Woga pia ninao, kwa nini niufiche humu daftarini? Watoto watatu wako shuleni, na baba yao hayupo tena. Kazi hii imenipa mgongo mbovu na vidole vinavyonuka dawa ya javel hata Jumapili kanisani. Lakini ni kazi yangu. Naiweza.

Alhamisi, 5 Oktoba

Orpa: 37,3. La kweli! Amekunywa uji, ananyonyesha, ameniomba nimsuke nywele. Mama yake, Kahongya, analala chini ya kitanda tangu Jumapili ili ampikie na kumfulia. Leo alinishika mikono yote miwili.

"Hii mikono njo ilimubakiza mutoto wangu."

Akanipa avoka mbili. Nikajifanya nina haraka, nikaenda kulia stoo, kati ya ndoo. Nilifurahi, basi. Siku kama hii ikija mara mbili kwa mwaka inanitosha.

Ila Kahongya ana mdomo! Kufika saa sita wodi nzima ilikuwa inajua habari ya chai na kalamu.

"Na miye, Mama Berthe, unipime ya kweli!"

"Miye pia! Hapana ile ya ku meza!"

Nikawapima wote wanane, mmoja mmoja, Jéthro akiwa amesimama mlangoni. Bibi wa kitanda cha sita alikataa kurudisha kipimajoto mpaka akisome mwenyewe — na kusoma hajui. Tulicheka hadi Orpa akashika mshono wake.

Jéthro ameniambia kesho nije na sahihi au nije kuchukua koti langu niende zangu.

Ijumaa, 6 Oktoba

Nimetembea kwa miguu kutoka nyumbani Rughenda ili nipate kufikiri. Nilipofika, nilikuwa tayari.

Jibu la Jéthro nimelichana. Nimeandika langu, kwa Kiswahili, kurasa mbili zilizobanwa kwa pini ya agrafe. Ukurasa wa kwanza ni mwepesi: nilimpima, nikaandika 39,4, na ningeandika tena. Wa pili umenitoa jasho. Mwaka juzi mzee mmoja wa kitanda cha pili, wodi ya wanaume, alifariki alfajiri. Nilimwosha mimi, tukampeleka mochwari. Saa mbili asubuhi karatasi yake ilikuwa na joto jipya: 36,8. Niliona. Nilinyamaza. Nimeandika hilo pia, kwamba nilinyamaza na naona aibu.

Daktari Sadrack alisoma. Akasoma tena. Akafunga mlango. Akasema ukurasa wa kwanza ataupokea, Jéthro ataonywa, na mimi nitabaki kazini.

"Lakini hii ya pili, mama, uitoshe ku barua. Bale bakaguzi bakiiona, batatufungia kliniki."

Nikamuuliza kama watoto wa yule mzee wameshaambiwa.

Akaangalia saa yake. Alisema ananipa dakika tano, akatoka na simu yake. Kwa hiyo niko peke yangu ofisini mwake, daftari juu ya goti. Kupitia dirishani namwona Kahongya anaanika nepi. Barua iko mezani mbele yangu. Agrafe moja tu, kwenye kona, hata kwa ukucha inatoka. Kando yake daktari ameiacha mashine yenyewe, ile ya kubania.

Nimepiga agrafe nyingine tatu. Sasa ukurasa wa pili hautoki kwa ukucha. Viatu vyake hivyo, vinarudi kwenye korido —