Vidonge vya Mke Mwenzangu

Mwanangu kifunguamimba,

Nakusalimu kwanza, mengine yatafuata. U mzima? Kifua kimepona, au bado unakohoa na kukataa kukiri? Mumeo naye hajambo? Sisi huku tu wazima wa kuinuka na kukaa. Goti langu la kushoto limegoma, la kulia linafanya kazi ya mawili. Paa halivuji tena. Jirani wa juu bado anaburuta viti kila asubuhi kama mtu anayehama, lakini hahami.

Anayeandika ni fundi viatu wa hapa chini, maana mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipita na ndoo. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinirembeshee. Ningekupigia simu, lakini nakujua, ukikasirika unakata. Barua hata ukiitupa, hasira zikipoa utainama uiokote. Basi kaa chini uisome mpaka mwisho.

Ni habari za mwanao, huyu mke mwenzangu. Uliponiuliza juzi anaendeleaje, nilikujibu hajambo. Nilikudanganya. Hajambo kwa maana ya kula na kuoga tu. Ule wasiwasi wake umerudi, na safari hii umekuja na mizigo yake yote.

Kule kwenye karakana ya vioo wamemtoa kwenye meza ya kukatia. Unajua alivyokuwa na mkono: anaweka rula, anapitisha kile kijigurudumu mara moja tu, krrr, anagonga kwa kidole, kioo kinaachana pale pale alipotaka yeye. Wanaume wa pale walikuwa wakimwita Wembe. Sasa mkono unatetemeka. Mwezi uliopita alipasua kioo cha kabati la mteja, na kesho yake akapasua kile alichokata kufidia cha kwanza. Bosi wake si mtu mbaya. Amemwambia akae kwanza mbele, apokee wateja na kuandika vipimo, mpaka mkono utulie. Lakini wenzake wanamtania, eti Wembe umeota kutu, eti upelekwe kukata mkate. Anacheka nao. Akifika nyumbani anakaa kitandani mkoba ukiwa bado begani, nusu saa, saa nzima.

Asubuhi anafunga mlango, anashuka ngazi, anarudi kuangalia kama ameufunga. Siku moja nilihesabu mara sita, na mimi nimekaa humo humo ndani. Nikamwambia mke mwenzangu wee, mwizi akija atanikuta mimi, na atakayepiga mayowe ni yeye. Alicheka sana. Halafu akaangalia mara ya saba.

Wiki iliyopita nikamsindikiza kwa yule yule daktari wake wa mwaka jana, mama mwenye miwani ya kamba. Chumba chake ni kidogo, kiti cha mgonjwa kimebanwa na meza mpaka magoti yanagusa mbao. Mwanao akaeleza yote vizuri. Daktari akamshauri arudie zile dawa alizokuwa anakunywa, zile zinazoitwa za sonona, ambazo hutuliza na wasiwasi pia. Mwanao akakataa. Alisema yale mateso hataki kuyaona tena, ni afadhali atetemeke.

Unayakumbuka, ulikuwa ukiyasikia kwenye simu. Wiki tatu nzima. Akigeuza macho, kichwani kunapita kitu kama shoti ya umeme. Kizunguzungu, kichefuchefu, jasho la kulowesha shuka, kilio bila msiba. Sote tukasema dawa zimemgeuka. Wewe ukaapa kwamba akizigusa tena usije ukaambiwa. Akaniambia nizitupe, nikasema sawa, na kwa daktari hakurudi. Yakapita. Miezi minne akawa mtu, kisha wasiwasi ukaanza kurudi kidogo kidogo.

Daktari alisikiliza akavua miwani. Akasema hizo hazikuwa dalili za dawa kumgeuka, zilikuwa dalili za mwili kunyimwa dawa ghafla. Dawa hizo haziachwi kwa siku moja, hupunguzwa taratibu, wiki hata miezi, daktari akiangalia. Akamwuliza kama aliwahi kuruka siku kadhaa. Mwanao akaapa hajaruka hata moja, kwa kuwa bibi yake ndiye aliyekuwa akimpa kila asubuhi, na bibi yake hakosei. Akanigeukia nithibitishe. Nikaitikia kwa kichwa.

Daktari akasema kama ni hivyo basi hata yeye haelewi, na hawezi kumwahidi kwamba hayatatokea tena. Akampa siku chache za kufikiri. Tulipokuwa tunavuka barabara, mwanao akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesoma vipimo vya dirisha, kwamba basi yeye ndiye mbovu, hatengenezeki.

Sasa sikiliza, mwanangu. Dawa alinyimwa kweli, na aliyemnyima ni mimi.

Vidonge alinikabidhi mwenyewe, maana wasiwasi ulikuwa unamwambia amemeza mara mbili, au hajameza kabisa. Nikawa namwekea kimoja kwenye kisosi pembeni ya chai. Miezi kumi. Nikamwona amenawiri, anaimba bafuni, mkono umetulia. Nikajiambia huyu amepona. Na hiyo sonona sikuwahi kuiona kwake, mtoto anacheka mpaka anashika mbavu, sasa dawa ya nini? Kuna mwanamke dukani aliniambia kwamba mtu akizizoea hizo atazikwa nazo. Sikumwuliza daktari. Sikumwuliza hata mwenye mwili. Nina vidonge vyangu vya mifupa, vyeupe kama vyake ila vikubwa. Nikawa navikata kwa kisu cha vitunguu, nakwangua kingo, naweka kwenye kisosi. Vyake nikatupa. Siku ya kwanza aliuliza mbona kina chengachenga. Nikamjibu kiwanda kimebadilisha. Akameza. Mtoto yule angemeza msumari ilimradi aliyemwekea ni mimi.

Siku ya nne shoti zikaanza. Nikasema hiyo ni sumu inamtoka, avumilie. Nilimshikia beseni, nikampangusa uso, na sikusema kitu.

Fundi hapa ameacha kuandika, ananitolea macho. Nimemwambia aendelee, viatu vya watu vinamsubiri.

Jumapili nilimwambia yeye kwanza. Nilimkuta anapiga pasi ovaroli. Nikasema bila kuzunguka, kama nilivyokuambia wewe. Hakupiga kelele. Alichomoa pasi, akakunja waya wake polepole. Akauliza vilikuwa vidonge vingapi vya uongo. Nikamwambia kumi na tano, mpaka siku aliponiambia nizitupe dawa. Akauliza kama nilimwona alipoanguka bafuni. Nikasema mimi ndiye niliyemwinua. Akauliza kama kule kwa daktari, nilipoitikia kwa kichwa, nilikuwa najua. Nikasema kule nilikuwa nimeshajua. Hapo ndipo alipolia. Si kwa vidonge, mwanangu. Kwa kule kuitikia kwangu kwa kichwa.

Jumanne alikwenda kwa daktari peke yake, akarudi na mfuko wa dawa, akapita nao mbele yangu hadi chumbani kwake. Halafu akatoka, akasimama mlangoni, akaniambia. Ataanza kesho yake, dozi ndogo kwanza. Nafuu yenyewe inaweza kuchukua wiki kadhaa. Siku ya kuacha ikifika, ataacha pole pole, na daktari. Bado anaogopa, lakini sasa anajua anachokiogopa, na mwili wake haukuwa na kosa. Ataanza, alisema, ila si kwa mkono wangu.

Nikasema sawa.

Leo ni siku ya tatu. Asubuhi nilisikia karatasi ya vidonge ikilia humo chumbani, kisha kimya kirefu. Nilijua amesimama na kikombe cha maji, anajiuliza kama amemeza au bado. Miguu yangu ilitaka kwenda. Mimi nilikuwa shahidi wake miezi kumi, na sasa sina ushahidi wa kumpa mtu. Nikakaa kwenye kiti changu. Baadaye alitoka, jasho juu ya mdomo, akavaa viatu akaenda kazini. Kama alimeza, sijui. Chumbani sikuingia kuhesabu.

Ninachokuomba ni hiki. Usimpigie simu kumkataza. Usimwulize pia kama amemeza. Akikuambia mwenyewe, mwitikie, umwulize habari za vioo. Ukitaka mtu wa kugombeza, mimi nipo, namba unayo, na masikio yangu hayana ubovu wa goti. Gombeza mpaka uishiwe pumzi, sitakata.

Msalimie mumeo, na watoto uwabusu kila mmoja kwa zamu yake wasigombane. Fundi naye anakusalimu, ingawa leo hanitazami usoni. Radhi huwa mnatuomba nyinyi. Leo naiomba mimi, kwako, baada ya kuiomba kwake. Yeye bado hajanijibu, na sijamharakisha.

Ni mimi,
mama yako.