Pini Moja, Hatua Thelathini na Mbili

Bertrams, Johannesburg
Jumapili, 13 Agosti 2017

Dada yangu Chiku,

Assalaam alaykum, wewe na magoti yako. Nayaulizia magoti mapema kwa sababu Zuhura, aliyeniletea barua yako, ameniambia siku hizi yanakupigia kelele kuliko wajukuu. Mimi ni mzima, isipokuwa meno; yamebaki manne na hayasalimiani. Baridi ya huku inauma mpaka kwenye jina. Mwandiko wangu usiucheke. Nilipoacha shule darasa la nne, mwalimu alishukuru kuliko mimi.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema Bakiri amerudi Handeni baada ya miaka arobaini na minane, mzee, jicho moja limekufa, anaomba kiwanja cha kuzikwa tu, na wazee wa ukoo wamekataa kumjibu mpaka wapate neno langu, mimi mwanamume wa mwisho wa tumbo la mama. Bakiri yuleyule aliyekuwa akuoe, akakutwa porini amempakata mdogo wetu Tumu, damu mpaka viwikoni, na Tumu ana tundu la mshale shingoni. Neno ninalo, Dada. Lakini mimi unanijua, hata nikitumwa chumvi napitia kwanza kwa jirani. Nivumilie nikupe habari ya dukani.

Bado nafagia na kulinda lile duka la pinde huku mjini. Wazungu wa huku wana bunduki, na bado wengine wanapenda kuwinda kwa upinde kama baba, ila upinde wao una magurudumu na kamba zilizopishana, ukiuona utadhani baiskeli iliyopata ajali. Tajiri wangu ni Kaburu mmoja mnene, mtu wa kucheka. Mwezi uliopita alikuwa anajiandaa kwenda kuwinda tandala, akataka saiti mpya. Saiti ni kidude cha kulengea, kinafungwa kwenye upinde: kiduara, na ndani yake pini yenye nukta ya kijani inayong'aa. Ile yake ya zamani ilikuwa na pini tano, kila pini na umbali wake, na mwaka jana alizichanganya akaua mti. Nikamwambia kwa umri wake pini moja inamtosha, kama mke. Alicheka mpaka akatafuta kiti.

Hiyo ya pini moja ina gurudumu pembeni. Mnyama akiwa mita ishirini, unazungusha mpaka ishirini. Akisogea, unazungusha tena. Zililetwa tatu za aina hiyo, akanipa mimi nizijaribu kwenye ukumbi mrefu ulio nyuma ya duka, kwa kuwa macho yangu yanakadiria umbali kuliko kipimo chake cha betri. Hajawahi kuniuliza nilijifunzia wapi.

Ya kwanza gurudumu lake lilikuwa linalia ka-ka-ka. Tandala angesikia akaaga na ndugu zake. Ya pili pini yake ni nene kama punje ya mtama, ukilenga mbali inafunika mwili mzima, hujui unampiga nani. Ya tatu ndiyo yenyewe, pini kama unywele, gurudumu laini, kimya. Nikaiweka ishirini, mshale ukaenda katikati. Thelathini, katikati. Nikaweka thelathini na mbili, nikavuta, nikaituliza ile nukta ya kijani, na huko nyuma ya shabaha mtu akapiga mluzi.

Unaukumbuka mluzi wa baba? Mwindaji hatakiwi kuachia mshale kwenye kichaka kabla hajapiga mluzi mmoja mdogo, wa ndege. Aliye mtu hujibu kwa miwili. Kisichojibu ni nyama. Sasa, niliyoisikia mimi ilikuwa miwili, ile ya kujibu. Na wa pili ulivuja hewa, fyuuu, kama wa mtu mwenye pengo mbele. Pengo hilo unalijua, ulilichonga mwenyewe kwa mchi siku Tumu alipoiba sukari.

Nilikwenda kuchungulia. Shabaha, ukuta wa matofali, basi. Nikarudi nikaweka thelathini na moja: kimya. Thelathini na tatu: kimya. Thelathini na mbili: miwili, na ule wa pili unavuja.

Nilimsimulia Placide, fundi cherehani Mkongomani ninayekaa naye chumba, akasema ni shetani na akataka kunipeleka kanisani kwao. Nikamwambia shetani ana meno yote. Kesho yake tajiri akaijaribu mwenyewe, mchana, jua linaingia dirishani. Alipofika thelathini na mbili akashusha upinde, akaniuliza nimemficha nani kule nyuma. Nikamwambia hakuna mtu. Akawa mweupe, maana kumbe alikuwa bado na nafasi ya kuwa mweupe zaidi. Aliifungua saiti akanipa, akasema niende nayo, asiione tena. Tandala amemfuata na ile ya ka-ka-ka.

Sasa iko mezani hapa ninapoandika. Kila nikilala naiacha kwenye ishirini. Kila nikiamka naikuta thelathini na mbili. Placide ameapa kwa Biblia yake kwamba haigusi, na ameshahamishia kitanda upande wa mlango.

Dada, kilichonitoa jasho si mluzi. Ni kwamba lilikuwa jibu, na mimi sikuwa nimepiga mluzi.

Hata siku ile sikuupiga. Niliona rangi ya kahawia inatikisika kichakani, nikaogopa tandala atashtuka, nikasema moyoni leo baba hayupo, nani atajua. Nikaachia. Lilikuwa shati la kaki la Tumu. Nilihesabu hatua nikimwendea, sijui kwa nini, labda nilitaka zisiishe. Thelathini na mbili. Nikauchomoa mshale wangu kwa sababu ulikuwa na alama yangu, nikakimbia. Bakiri alisikia kilio akaja kumwinua. Mliomkuta mlimkuta anasaidia. Nami nilisimama na nyie uani, nikarusha jiwe langu wakati anafukuzwa. Na wewe nilikuacha umlaani mtu wako maisha yako yote.

Neno langu kwa wazee ndilo hilo. Wasomee barua hii, hata mahali nilipofanya utani usiruke. Kiwanja changu cha karibu na kisima apewe Bakiri, ajenge, akae juu ya ardhi kabla ya kulala chini yake. Mimi nisiwekewe hata pa kusimama.

Nitakuja baada ya mvua za vuli, Mungu akipenda. Sitabisha hodi. Nitasimama hatua thelathini na mbili kutoka mlangoni kwako, nitapiga mluzi mmoja, ule niliodaiwa. Ukijibu, nitaingia. Usipojibu, nitajua mimi ni nyama, na nitageuka bila kukulaumu.

Wasalimie wajukuu, na magoti. Bakiri usimpe salamu zangu, sina haki ya kuzituma.

Ndugu yako,
Burhani