Kichupa cha Shemeji

Kwako Dada,

Salamu zitangulie, maana hata mwenye aibu hakosi salamu. U hali gani? Na mama je, goti limepata nafuu? Nasikia mnalala chumba kimoja kama zamani, na kwamba kila alfajiri anakuamsha kukuuliza kama umelala vizuri. Mimi mwili ni mzima. Chumba changu ni kilekile, chenye dirisha linalotazama ukuta, na fundi cherehani wa chini bado anaimba wimbo mmoja kuanzia asubuhi hadi anapofunga.

Nina siku tatu na karatasi hii. Mama aliniambia kwa simu kwamba Jumatatu unakwenda kwa wakili kutia sahihi uachane na shemeji, na kwamba baba akiwa hayupo duniani, mimi ndiye wa kusimama badala yake. Nikamjibu nitaangalia zamu zangu. Dada, Jumatatu sina zamu.

Kabla hujatia sahihi, kuna jambo lazima ulijue. Ili ulielewe itabidi nikueleze kazi yangu, ile mliyonitania kwamba nimesoma miaka minne niwe mkunga wa vichupa.

Watu hudhani mbegu ya mwanamume ikishatoka imekamilika, iliyobaki ni mbio tu. Sivyo. Inatoka ikiwa hai na inaogelea vizuri, lakini ukiiweka mbele ya yai saa ileile haiwezi kuingia. Mwili wa baba umeivika utando wenye mafuta, ili isichoke wala isijimalize mapema. Utando huo huvuliwa taratibu ndani ya mwili wa mama, kwa saa kadhaa, na majimaji ya humo. Ukishapungua, mkia huanza kupiga kwa nguvu huku na huku, na kichwa huwa tayari kufungua kimfuko chenye dawa ya kulainisha ganda la yai. Hapo ndipo inapofaa. Mkuu wetu wa maabara, mama mmoja mkali asiyecheka ovyo, husema hata huko ndani mwanamume hufunzwa na mkewe.

Maabara tunauigiza mwili huo. Tunaziosha mbegu, tunaziweka katika kichupa chenye maji ya rangi ya waridi, kisha kichupa kinaingia kwenye kabati lenye joto kama la mwili, lililotiwa hewa ya ukaa kidogo. Kifuniko hakikazwi. Kinawekwa juu kikiwa kimelegea, ili hewa ile iingie na maji yawe sawa, na yakiwa sawa rangi yake huelekea chungwa. Ni somo la wiki ya kwanza, hata msafishaji wetu analijua.

Sheria nyingine ni kwamba mfanyakazi hashiki kazi ya ndugu yake. Unakumbuka mama alivyowabembeleza mje kliniki yetu kutafuta mtoto, akisema mficha uchi hazai, na shemeji akajibu kwamba hataficha lolote, ila mimi shemeji yake nisiwepo mapokezi siku hiyo. Mkuu aliponiuliza kama nawafahamu, nikajitia hamnazo. Nilitaka mtoto wenu apite mikononi mwangu. Nilishajiona nikimwambia siku moja kwamba mjomba ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwona.

Basi ukatolewa mayai tisa, mazuri yote. Kichupa cha shemeji nilikishika kwa mikono miwili. Asubuhi iliyofuata nilipotazama kwenye hadubini, mayai tisa yalikuwa vilevile, hakuna hata moja lililoingiwa. Daktari alisoma daftari letu, akakuta imeandikwa kwamba maandalizi yamekwenda sawa, ndipo akawaambia kuwa mbegu za shemeji zinaogelea lakini zinashindwa kufikia kuwa tayari, na kwamba kasoro ni ya kwake. Ulitangulia kutoka. Yeye alitoka nyuma yako amebeba mkoba wako.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Shemeji aliacha kuja kwenye shughuli za nyumbani. Akawa hali na watu, halali, na wewe ukachoka kuishi na mtu aliyejifungia ndani ya nafsi yake. Mama naye akamwita jogoo wa picha. Siku alipolisema neno hilo mara ya kwanza nilikuwa mezani, nikacheka. Nilipogeuka, shemeji alikuwa mlangoni anavua viatu. Kicheko changu alikisikia.

Sasa nalisema. Kifuniko nilikikaza mimi. Niliogopa lisimwagike hata tone, kwa kuwa ni lenu, nikakaza, nikahakikisha tena, nikakiweka kabatini nikiwa na furaha. Nilipokitoa baada ya saa nne, maji yalikuwa yamekolea karibu zambarau. Hewa haikuwa imeingia. Nilijua palepale kwamba mbegu zile hazijaandaliwa, zimeharibiwa.

Na kosa hilo ningeweza kulibeba, Dada. Mikono ya kila mtu huteleza. Ila shemeji alikuwa bado kwenye benchi la ukumbini, hatua ishirini kutoka mlango wangu. Ningetoka nikamwomba atoe nyingine, mayai yangesubiri, na jioni ileile tungeanza upya. Lakini mkuu angeuliza ilikuwaje, na katika kuulizana ingejulikana kwamba wewe ni dada yangu. Nikaogopa kufukuzwa. Nikazimimina mbegu zile juu ya mayai yako nikijua hali yake, nikaomba Mungu, kisha nikaandika daftarini kwa mkono wangu kwamba kila kitu kimekwenda sawa. Naona aibu kuandika hapa. Naona aibu zaidi kwamba nilikaa miezi minane nikiwatazama.

Juzi nilimwambia mkuu. Hakunipigia kelele. Alilifungua daftari kwenye ukurasa ule, akaniomba funguo za maabara, akasema daktari atawaandikia nyote wawili kusahihisha yale aliyowaambia.

Kutoka hapo nilikwenda kwa shemeji. Nilimkuta karakana anakata kioo cha dirisha, nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Nilitegemea anipige, na nisingekwepa. Aliweka chini kile chuma cha kukatia, akaniuliza jambo moja tu, kama zake zilikuwa nzima. Nikamwambia zilikuwa nzima, nyingi, na zinakwenda mbele. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akajaribu kuendelea kukata, kioo kikapasuka, akaketi sakafuni kati ya vipande na kulia mbele yangu, mtu mzima yule. Sikujua niweke mikono wapi.

Aliponyamaza alisema nisimtume mtu kukueleza, niandike mwenyewe, kwa kuwa wewe hulisoma jambo mara mbili kabla ya kukasirika. Nikamuuliza kama nikuombe urudi. Akakataa. Alisema umeshaamuliwa mengi na watu wengine, na kwamba Jumatatu atakuwepo kwa wakili, atatia sahihi ukitaka atie, na hatatia ikiwa hutaki.

Sikuombi msamaha leo, maana anayeomba haraka hutaka kujipumzisha yeye. Nilichotaka ni uende Jumatatu ukijua kwamba mume uliyemwacha hana kasoro ile, na kwamba aliyewanyima mtoto mlimkaribisha mezani kila Jumapili.

Mfikishie mama salamu, na umsomee barua hii yote, kwa kuwa alimtukana asiyestahili na mimi nilimwacha aendelee. Ukipenda kunijibu nitashukuru, na usipopenda nitaelewa. Jumatatu saa tatu nitakuwa nje ya ofisi ya wakili, upande wa pili wa barabara. Sitavuka mpaka mmoja wenu aniite.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba